MPIRA WA BOMBA LA MUTE

Katika nyumba zetu nyingi kitu kisahaulikacho kuliko vyote ni vali ya maji. Masufuria husuguliwa kila siku, sare ya baba hupigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, lakini kile kidude kidogo kinachofungua na kufunga njia ya maji hakikumbukwi mpaka siku ndoo itakaporudi tupu. Mimi ni mke wa polisi. Kwa miaka mingi nimemwagilia mchicha na bamia nyuma ya kota yetu mjini Mtwara, na vali ya bomba la uani ikichakaa nilikuwa nikimtuma mtoto dukani akalete yoyote ile. Mwaka 2024 mazoea hayo yaliniaibisha mbele ya wakubwa zangu.

Mama yangu alizaliwa Mute, kijiji cha wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, na mama mdogo angali akiishi huko. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, yeye na wajukuu wake walikimbilia Pemba. Aliporudi alikuta nyumba haina paa, na bomba la mkono lililo jirani na mwembe limekaa muda mrefu bila kuguswa. Likafanyiwa matengenezo, likatoa maji, naye akalima bustani ya mchicha ambayo huinyunyizia kwa kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu madogo madogo kitakoni. Kopo hilo hulinyanyua juu ya kichwa na kulitikisa, na wajukuu huliita mvua ya bibi.

Siku moja akanipigia simu. “Mwanangu,” akasema, “bomba letu linakohoa, maji hayaji. Mpira wake umekwisha. Huko kwenu Mtwara hauwezi kukosekana.” Nami, kwa kujiona mjuzi wa mambo ya maji, sikuuliza ni bomba la aina gani. Nilikwenda dukani nikaomba mpira wa bomba la mkono, nikapewa, nikalipa, nikavuka Ruvuma pale Kilambo nikiwa na furaha ya mtu anayepeleka dawa kwa mgonjwa.

Fundi wa kijiji, mzee wa makamo asiye na haraka, aliupokea ule mpira kwa mikono miwili, akaugeuzageuza, kisha akanirudishia.

“Bibi, huu ni wa Nira.”

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo ningelipata bure laiti ningeliuliza kabla. Sisi watu wa Mtwara na Lindi tumelizoea bomba la Nira, lililoletwa na mradi wa maji vijijini uliosaidiwa na Finland. Bomba hilo halina mpini wa pembeni. Mtu hushika mkono ulio kama herufi T na kuuvuta juu na chini, na linafaa visima vifupi. Ng’ambo ya mto bomba lililoenea ni Afridev. Hili lilianza kujaribiwa katika miaka ya 1980 huko Kwale, pwani ya Kenya, kwa nia kwamba wanakijiji wenyewe waweze kulifungua na kulitengeneza. Lina mpini mrefu, na huvuta maji hata kutoka kina cha meta 45. Kwa macho ya mtu wa mjini yote mawili ni mabomba ya mkono, lakini mpira wa moja haukai katika jingine.

Mzee hakunicheka. Alimwuliza mama mdogo swali moja tu: “Alfajiri husukuma mara ngapi kabla ya maji kutoka?”

“Mara thelathini, arobaini. Yakishatoka, hutoka vizuri kidogo.”

“Basi si mpira peke yake. Vali ya chini haishiki.”

Akatueleza. Ndani ya silinda, chini kabisa kisimani, kuna vali mbili: moja hupanda na kushuka pamoja na pistoni, na nyingine hukaa chini yake bila kusogea, kazi yake ikiwa kuyazuia maji yasirudi kisimani. Kila moja ina kidude cha plastiki, mfano wa bobini ya cherehani, kinachonyanyuka maji yanapopita na kuketi yanapotaka kurudi. Vali ya chini ikivuja, maji yote yaliyomo bombani hushuka usiku, na asubuhi mtu husukuma hewa. Ikiwa maji huja mapema lakini ni machache, na mpini ni mwepesi mno, hapo ndipo mpira wa pistoni hushukiwa.

Alilifungua bomba kwa spana moja tu. Akazitoa fito na pistoni, kisha akazishusha tena ili kuinasa vali ya chini na kuipandisha, pasipo kuling’oa bomba lenyewe. Tukakiona kile kidude kimelika upande mmoja kwa mchanga, na pete ya mpira inayoizunguka vali imekauka na kupasuka. Kijana mmoja akapendekeza tukate kipande cha kandambili. Mzee akakataa katakata, kwa kuwa kipande cha namna hiyo kiliwahi kumfia siku ya tatu na kuziba njia ya maji.

Vifaa vya kweli vilitoka Pemba kwa lori, baada ya siku kumi na mbili. Siku hizo ndizo zilizoniuma. Wanawake walilazimika kuchota maji katika dimbwi la mbali, na kwa kuwa askari wa doria waliwaomba wasitoke kabla ya jua kuchomoza, walirudi saa za mchana, watoto wakiwa wamekosa masomo. Mchicha wote ulikauka. Mama mdogo hakunilaumu hata kwa neno, na kwa hakika afadhali angalinilaumu.

Bobini mpya zilikuwa mbili, maana ya juu na ya chini ni za namna moja, na mzee alizibadilisha zote kwa pamoja. Mpira wa pistoni aliuvalisha midomo ikitazama juu. Ukiuvalisha kinyume, hauvuti maji. Kesho yake alfajiri mama mdogo alisukuma mara nne, ndoo ikaanza kulia.

Vile vifaa vichakavu tumevitunga katika kamba na kuvitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ili yeyote atakayetumwa dukani avichukue mkononi. Ule mpira wa Nira nilirudi nao Mtwara. Nimempa jirani yangu ambaye kijijini kwao bomba ni la aina hiyo, lakini kwanza nilimwambia alete wa zamani tuulinganishe.