Mgonjwa wa Miguu Minne

Mtatucheka kidogo mkisikia kwamba tulikesha usiku mwingi kando ya mbwa. Watu wa mtaa wetu hapa Lubumbashi walicheka pia: "Mwalimu analea mbwa kama mtoto mchanga!" Wacheke tu, lakini wasikie jambo lenyewe.

Huku Katanga, mwezi wa pili na wa tatu ni wakati wa mahindi mabichi. Jioni mbabula zawaka katika kila ua, na magunzi yatupwa ovyo. Mbwa wetu Simba ni mlinzi hodari, lakini njaa yake haina mwisho. Siku moja alianza kutapika. Tulisema: ni minyoo. Kesho yake alikataa hata mfupa. Alikunywa maji, akayarudisha. Jirani alitushauri kumnywesha mafuta ya mawese, nasi tulikubali kwa uvivu, maana tulikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha. Siku ya tatu tulimkuta uani ameinama, miguu ya mbele imelala chini na kiuno kimeinuka juu, kama mtu anayesujudu. Watoto waliona ni mchezo. Baadaye tulielezwa kwamba mbwa akikaa hivyo, mara nyingi tumbo lamwuma vikali.

Mji wetu una bahati: chuo kikuu kina kitivo cha uganga wa wanyama, na waliosoma humo hawakosi mjini. Tulimfunga Simba katika blanketi, tukampeleka kwa mmoja wao kwa pikipiki. Mganga alimpapasa tumbo, akauliza neno moja tu: "Mwalimu, kwenu mnakula mahindi?" Kisha akatufundisha, kana kwamba sisi ndio wanafunzi. Tumbo la mbwa haliwezi kuyeyusha gunzi. Likishuka katika utumbo, lakwama kama kizibo, nalo lasukuma kuta za utumbo mpaka damu haipiti tena, na nyama yake yaanza kufa. Ilipasa apasuliwe siku ile ile.

Hapo tulifikiri juu ya fedha. Tulikuwa na akiba ya kununulia mabati. Si fedha za shule wala za chakula, lakini ni fedha. Mzee mmoja wa shirika letu alituambia kwamba ni aibu kulipia mbwa wakati wagonjwa wa mtaani hawana dawa. Hakukosea kabisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yasema katika namba 2418 kwamba kuwatesa wanyama bure ni kinyume cha heshima ya mtu. Na papo hapo yasema haifai kuwatolea fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Namba ile tuliisoma mara mbili. Mwishowe tuliona kwamba mbwa aliyelinda nyumba yetu miaka sita, hatuwezi kumwacha afe kwa gunzi lililotoka mkononi mwetu. Mabati yakangoja. Mwenye kuona tulikosea, tutamsikiliza.

"Mkononi mwetu", tumesema. Lakini siku ile hatukusema hivyo. Tulirudi nyumbani na hasira, tukitafuta mwenye kosa. Mtoto wa marehemu dada yetu, kijana wa miaka kumi na miwili, ndiye mwenye kazi ya kufagia ua. Tulimgombeza mbele ya nyumba nzima, tukamnyima chakula cha jioni. Alisema: "Mjomba, si mimi." Tulimwamuru anyamaze.

Simba alirudi kwetu kesho yake, tumbo limeshonwa, macho mazito. Mganga alitupa amri zake: chakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi, asiruke, asikimbie, atoke nje kwa kamba tu. Dawa za maumivu za watu, kama parasetamoli na ibuprofeni, tusimpe hata kipande, kwa maana zaweza kumwua. Zaidi ya yote, tuzichunge siku tano za kwanza, kwani katika siku hizo mshono wa utumbo waweza kuachia. Akitapika tena, akipata homa au akilegea, tumrudishe upesi. Ili asilambe kidonda, tulitoboa kitako cha ndoo ya plastiki, tukamvika shingoni. Aligonga kila mlango kwa ndoo ile, na kuku walimkimbia.

Ni nani aliyekesha naye? Sisi zamu yetu tulisinzia. Kijana yule alitandika mkeka wake jikoni bila kuambiwa, akalala huku mkono wake uko juu ya mgongo wa mbwa, apate kuamka akitetemeka.

Usiku wa nne, binti yetu mdogo alikuja kutazama. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, si ni wewe uliyemtupia gunzi, siku alipotaka kulamba madaftari yako?"

Tulikumbuka yote. Tulikuwa chini ya mwembe, kalamu nyekundu mkononi, muhindi mkono wa pili. Mbwa alisogeza pua. Tulirusha gunzi ili aondoke, wala hatukuinua macho.

Kumwomba mtoto msamaha ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao. Tulingoja mpaka wakati wa bukari, watu wote wakiwapo, kwa kuwa tulimgombeza mbele ya wote. Kijana aliangalia sahani yake. "Si kitu, mjomba," akasema. Kisha akauliza kama saa ya kumlisha Simba imefika.

Siku ya kumi na mbili mganga alitoa nyuzi. Simba amekonda, lakini abweka kama zamani.

Jioni hiyo tulichoma mahindi tena. Kijana alizunguka na kikapu kukusanya magunzi, moja moja. Alipofika kwetu, alisimama kimya, akangoja tumalize.