Vazi Nalo ni Matini

Vyaelea, vimeundwa. Methali hii inamfaa mno yeyote anayeshika koti kuukuu la kahawia na kuambiwa kwamba lilivaliwa na kijana wa Reichsarbeitsdienst, yaani Huduma ya Kazi ya Taifa katika Ujerumani ya Wanazi. Huenda ni kweli. Huenda pia lilishonwa juzi, likachakazwa kwa makusudi ili kumghilibu mnunuzi.

Mhakiki makini huanza na muktadha. Sheria ya tarehe 26 Juni 1935 iliwalazimisha vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 kutumikia miezi sita, chini ya uongozi wa Konstantin Hierl. Walichimba mitaro, wakakausha vinamasi, na koleo likawa nembo yao. Kwa hivyo vazi lao lina sarufi yake: kitambaa cha rangi ya udongo, ukosi wa kahawia iliyokoza, na kwenye mkono wa kushoto, beji iliyotariziwa koleo na nambari ya kikosi, pamoja na utepe wenye swastika.

Hata hivyo, pengo si uongo daima. Baada ya 1945 alama za Kinazi zilipigwa marufuku, na makoti mengi yakanyofolewa nembo. Hapo ushahidi husalia katika vitundu vya sindano, na katika kiraka cha kitambaa ambacho hakikupauka kwa jua. Beji halisi iliyoshonwa juzi juu ya koti jingine haina kivuli cha namna hiyo.

Kisha huja nyuzi. Chini ya taa ya urujuanimno, uzi wa kisasa aghalabu hung'aa. Lakini sabuni za leo nazo huweza kuling'arisha vazi halisi. Poliesta haikuingia sokoni kabla ya vita kwisha, basi ikipatikana katika mshono wa awali, hukumu imetoka. Ila si kila uzi usio wa pamba wala sufu ni wa kughushi, maana Wajerumani wa enzi hizo walitumia sana nyuzi zilizotengenezwa kutokana na mbao. Ishara moja haitoshi. Sharti zote zipatane.

Je, kuna haja gani ya kujisumbua hivi kwa ajili ya koti? Haja ipo, tena kubwa. Vazi hilo ni shahidi wa utawala uliogeuza kazi kuwa kwata na vijana kuwa vyombo vyake. Shahidi wa uongo akikubaliwa makavazini, anayeikana historia hupata pa kushika: akifichua moja la kughushi, atadai yote ni ya kughushi. Naye anayelitafuta kwa ajili ya fahari amelisoma visivyo.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayehakiki mswada wa kale wa hati za Kiarabu anaijua njia hii. Naye hupima karatasi, wino, mkono wa mnakili na lahaja, kimoja kikimsaili kingine, kabla ya kuthubutu kutaja mtunzi. Nguo au utenzi, kanuni ni ile ile: kwanza ithibitishwe matini, ndipo ifasiriwe.