Mguu wa Kushoto na Ngoma Kubwa

Watu wengi waonapo bendi ikipita barabarani tarehe 9 Oktoba, Sikukuu ya Uhuru wa Uganda, huyatazama matarumbeta yanayong'aa na fimbo ya kiongozi irushwayo juu. Wachache huzitazama nyayo. Lakini mwalimu wa bendi, na kila askari aliyewahi kusimama uwanjani, huanzia chini. Kwake yeye, bendi ambayo miguu yake haijapatana ni kundi la watu wenye vyombo tu, hata wakipuliza vizuri namna gani.

Katika nchi ya Ayivu, pande za Arua, na huko Koboko karibu na mpaka, jambo hili si geni. Baada ya Arua kufanywa kituo cha utawala mwaka 1914, vijana wengi wa West Nile waliandikishwa katika King's African Rifles, na baadaye katika jeshi na polisi ya Uganda. Waliporudi likizo walileta nyumbani mwendo wa gwaride na Kiswahili cha amri: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Wala si Arua peke yake iliyovutwa na mambo hayo. Huko Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890, vijana walikwisha kuziiga bendi za kijeshi na kuunda ngoma iliyoitwa beni. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 vikaitawanya ngoma hiyo bara, ikisafiri kwa miguu ya askari na wapagazi.

Achukuliwe kwa mfano kijana mmoja wa Ayivu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari, ambaye baba yake ni askari polisi aliye kazini mbali na nyumbani. Kijana huyu alijiunga na bendi ya shule kwa nia moja tu, kupuliza tarumbeta. Juma la kwanza hakukabidhiwa chombo chochote. Alifundishwa kutembea. Mwendo wa haraka wa gwaride hukaribia hatua 120 kwa dakika, yaani hatua mbili kwa kila sekunde, na pigo zito la wimbo sharti liangukie mguu wa kushoto. Kutembea ni jambo alilolijua tangu utotoni, lakini kutembea sawasawa na wenzake thelathini kulimtoa jasho.

Juma la pili alipewa tarumbeta, akagundua kwamba haipigwi kwa kupuliza kama mtu apulizaye moto jikoni. Midomo hubanwa, ikatetemeshwa kwa pumzi itokayo tumboni. Akijifunza akiwa amesimama, alifanikiwa upesi. Taabu ilikuja alipotakiwa kupuliza huku akitembea. Mguu ukikanyagwa kwa nguvu, mtikisiko hupanda hadi kichwani, na chuma hugonga meno. Ilimpasa alegeze magoti, atangulize kisigino, na kuuviringisha unyayo taratibu. Kila wimbo ulipoanza, miguu yake ilisahau. Na miguu ilipokumbuka, wimbo ulimpotea.

Baada ya mwezi mmoja mwalimu akamwondoa katika safu ya matarumbeta, akamvika ngoma kubwa.

Kwa kijana yule ilikuwa aibu tupu. Ngoma ilikuwa nzito, mikanda ilimkata mabegani, na hakuweza hata kuiona miguu yake mwenyewe. Watoto wa jirani walimwita mbeba pipa. Jioni moja alimwambia mama yake kwamba hatarudi tena katika bendi. Maneno hayo yalimchoma mama, maana alikwisha kuuza magunia mawili ya mihogo mikavu ili amnunulie viatu vyeupe na glavu, nazo zilikuwa fedha ambazo nyumba ilizihitaji kwa mambo mengine. Hata hivyo hakumgombeza. Jumamosi alimtuma apeleke unga kwa babu yake mzaa mama, mzee wa Kialur ambaye katika ujana wake alikuwa mpiga agwara.

Agwara ni baragumu za West Nile, zipulizwazo kwa ubavuni. Hupigwa kwa kundi, na kila moja ina sauti yake moja au mbili tu. Wimbo hauko ndani ya baragumu yoyote peke yake. Huzaliwa pale kila mpigaji anapoingiza sauti yake mahali pake na kunyamaza mahali pake. Mzee alimsikiliza mjukuu wake hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Umepewa sauti ngapi?"

"Moja tu, babu. Ile ya mguu wa kushoto."

"Mimi pia nilikuwa na moja, mjukuu wangu. Siku niliyokosa kuja, wenzangu hawakucheza."

Hakuongeza neno. Kijana alirudi nyumbani na kurudi uwanjani.

Ndipo alipoanza kuelewa maarifa ya kazi aliyopewa. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Bendi iliyotandaa mita 34 barabarani ina maana kwamba sauti ya mbele humfikia wa mwisho ikiwa imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ni muda mdogo sana, lakini hatua nzima yenyewe ni nusu ya sekunde, hivyo mstari wa nyuma ukifuata masikio peke yake hukosana na mstari wa mbele. Kwa sababu hiyo mwalimu alimweka katikati, akamwamuru aitazame fimbo ya kiongozi wala asizifuate tarumbeta. Yeye alitazama kwa niaba ya wote, na wote wakamsikia yeye.

Siku moja ya mazoezi, mpuliza tarumbeta wa mbele alikwaa jiwe, na safu nzima ikavurugika. Zamani kijana angekuwa wa kwanza kusimama. Safari hii aliendelea kupiga, bila kuharakisha wala kulegea, na kabla ya hatua nane miguu yote ilikuwa imerudi mahali pake. Mwalimu hakumsifu, aliamuru tu waendelee. Tarehe 9 Oktoba bendi ilisimama na kupiga wimbo wa taifa, uliotungwa na George Wilberforce Kakoma mwaka 1962. Wimbo huo ni miongoni mwa nyimbo fupi mno za taifa duniani, na kwa ufupi wake hauachi nafasi ya kuficha kosa. Siku hiyo hapakuwa na la kufichwa.

Wazazi wenye mtoto katika bendi wanaweza kumsaidia bila gharama kubwa. Mdomo wa tarumbeta uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila baada ya mazoezi, wala usiazimwe, kwa kuwa maradhi ya kifua na ya midomo hupita humo. Dakika ishirini za mazoezi kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi; midomo ikichoka na ipumzishwe. Ngoma ifunikwe kitambaa ndani ya nyumba, kwa ajili ya masikio ya mtoto na ya jirani aliyetoka lindo la usiku. Saa za masomo zisiguswe.

La mwisho, mtoto akija akilalamika kwamba amepewa chombo kidogo au kizito, asicheklwe wala asiachwe akate tamaa upesi. Aulizwe kwanza chombo hicho kinawafanyia nini wenzake. Askari aliyewahi kulinda daraja usiku kucha, hali wengine wamelala, anaijua thamani ya swali hilo.