Usiku wa giza na kadi ya mbwa

Ndugu wasomaji, mimi ni mkulima wa Choma, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Nalima mpunga mbugani. Karibu na nyumba nalima mahindi na viazi vitamu. Nina mbuzi na kuku. Nina pia paka mmoja na mbwa mmoja.

Kazi ya paka ni panya. Panya wakiingia katika kihenge cha mpunga hawatoki kwa hiari yao. Mbwa wetu anaitwa Sijali. Kazi yake ni kulinda mbuzi wasiliwe na fisi. Wajukuu wanampenda sana. Nikigeuka nyuma tu, wanamgawia ugali wao.

Nyumbani tuna umeme. Tuna taa ndani, na taa moja nje juu ya mlango. Umeme ulipofika tulifurahi. Lakini umeme hukatika. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi yetu ilikuwa katika mgao wa umeme. Mpunga ulilala mashineni bila kukobolewa, nasi tukala michembe. Vibatari tulivyokuwa tumevisahau tukavitafuta tena.

Usiku mmoja wa siku zile umeme ulikatika tukiwa tunakula. Kukawa giza tupu. Mara Sijali akabweka kwa nguvu. Halafu tukasikia mbwa wanapigana uani. Mjukuu wangu, mvulana wa miaka 9, akatoka mbio kumsaidia mbwa wake. Sikuwahi kumzuia. Alirudi analia. Mguu wake ulikuwa na alama za meno, na damu inatoka.

"Mbwa gani amekuuma?" nikamwuliza.

"Sikuona, bibi. Kuna giza."

Jirani alikuja na tochi. Alimkuta mbwa mgeni uani. Mbwa yule alikuwa anapepesuka, mate yanamtoka, anauma hata kuni. Vijana wakamwua. Jirani akaniambia, "Mama, mwue na Sijali. Labda ni yeye aliyemwuma mtoto. Na mtoto mpake mafuta ya taa, alale."

Ndugu wasomaji, nilimpenda Sijali, lakini mjukuu ni mjukuu. Nilichukua rungu. Hapo nikakumbuka maneno ya Bwana Mifugo siku ya chanjo. Alisema: mtu akiumwa na mbwa, kwanza osha jeraha. Tumia sabuni na maji yanayotiririka. Osha kwa dakika 15. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali upesi.

Mkwe wangu akashika ndoo na kumimina maji. Mimi nikaosha. Mtoto alilia, lakini hatukuacha mpaka dakika zikaisha.

Ndipo nikafungua sanduku. Kadi ya mbwa ilikuwa pamoja na kadi za kliniki za watoto. Nikawasha kibatari. Nilisoma polepole, neno kwa neno. Hivyo ndivyo nilivyosoma katika darasa la kisomo mwaka 1975, nikiwa msichana, na usiku ule pia taa ilikuwa ya mafuta. Kadi ilisema: Sijali, chanjo ya kichaa cha mbwa, na tarehe. Alikuwa amechanjwa miezi 4 kabla. Nikaweka rungu chini.

Alfajiri tulipanda pikipiki kwenda hospitali. Niliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na matibabu. Mganga alisema tumefanya vizuri kuosha jeraha. Alisema pia tusingoje kujua ni mbwa yupi aliyeuma. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa. Hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuchukua wiki kadhaa, au miezi. Dalili zikianza, kama vile kuogopa maji, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini mtu akichanjwa mapema, kabla ya dalili, huokoka.

Mjukuu alichomwa sindano siku ile ile. Tarehe za kurudi ziliandikwa. Nilizisoma mwenyewe, na hatukukosa hata moja.

Bwana Mifugo naye alimchanja Sijali tena. Aliagiza afungwe na aangaliwe. Mjukuu alikuwa anamsukumia chakula kwa mti mrefu. Leo mtoto ni mzima, na mbwa ni mzima.

Mbwa wa jirani pia aliumwa usiku ule. Yeye hakuwahi kuchanjwa. Iliamuliwa auawe. Watoto wa jirani walilia siku nzima. Jirani alikaa kimya. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye chanjo, na mbwa mchanga begani.

Chanjo ya ugonjwa huu si jambo la jana. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliitwa Joseph Meister. Hakuugua. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Paka naye achanjwe. Dawa yenyewe hutunzwa katika baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika, hutunzwa katika sanduku lenye barafu, au katika friji ya gesi au ya jua. Kwa hiyo chanjo ikiletwa kijijini, tusichelewe. Haiwezi kutungoja juani.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ulianza kufua umeme. Hata hivyo, upepo ukiangusha nguzo, huku kwetu giza hurudi. Hata leo limerudi. Naandika haya kwa kibatari. Paka yuko kihengeni. Sijali amelala mlangoni, na kadi yake iko sandukuni, tarehe ya mwaka huu imekwisha kuandikwa.

Ndugu msomaji, kadi ya mbwa wako iko wapi? Itafute leo, uisome.