Kipa Wetu Nilimmaliza Mimi

Wacha niseme hii kitu kabla msimu haujaanza, halafu mkitaka kunitukana kwenye komenti, mnitukane.

Juzi Jumanne tulikuwa baze, pale karibu na Soko Mugdi tunapokunywa chai ya maziwa ya ngamia jua likishapoa kidogo. Mada ilikuwa ile ya kila Agosti: nani ana kikosi kipana. Mashabiki wa Arsenal mwaka huu wa 2025 hawasalimiki. Wameletewa Gyökeres, Zubimendi, Madueke, Nørgaard na Mosquera, na dirisha la usajili halifungwi mpaka tarehe 1 Septemba. Jamaa mmoja wa boda alikuwa anahesabu kwa vidole, kila nafasi watu wawili, vidole vikaisha akaanza kutumia vya jirani.

Na tusimcheke, ana sababu. Msimu wa 2022/23 Arsenal waliongoza ligi siku 248. Machi 2023 Saliba akaumia mgongo, nafasi yake ikashikwa na Rob Holding, na hadithi ikaishia hapo. City wakabeba kombe kwa tofauti ya pointi tano. Mtu mmoja aliumia, timu nzima ikachechemea. Tangu siku hiyo shabiki wa Arsenal akiona jina jipya haulizi kama ni staa, anauliza, "Huyu atakaa nyuma ya nani?"

Mimi ni Man U, msinionee huruma. Msimu wa 2024/25 tulimaliza nambari 15. Tumeleta Cunha, Mbeumo na Šeško, kwa hivyo mbele hakuna maneno. Lakini mtu akataja kipa, na hapo ndio nikapanda juu ya kiti. Nilimchambua Onana kama mbuzi wa Idd. Nikasema auzwe. Nikasema hata mimi naweza kudaka kuliko yeye. Watu wakacheka, na nyinyi mnajua mimi nikisikia watu wanacheka sinyamazi.

Basi yule dogo anayetuletea chai, kama miaka kumi na mitatu hivi, akaweka vikombe chini akauliza kwa upole, "Abowe, na sisi? Kipa wetu nani?"

Kimya. Mtu akaanza kukoroga chai ambayo ilishakorogwa.

Kwa wale hamjui, timu yetu ya mtaa haina kipa. Ligi ya mtaa inaanza mwisho wa mwezi. Tuna mastraika wanne, mawinga mpaka wanagombana, na kila mtu anataka jezi nambari kumi. Langoni hakuna mtu. Tulikuwa naye mmoja, na kila aliyekaa pale baze alijua ni kwa nini hayuko. Ndio maana hakuna aliyeniangalia usoni.

Msimu uliopita tulicheza na bula ya jirani. Mechi ilianza baada ya Alasiri, na kipindi cha pili kipa wetu alikuwa anaangalia magharibi, jua lote machoni. Uwanja wenyewe mnaujua, ni mchanga, mpira ukidunda hauelewi unaenda wapi. Shuti likaja, la kawaida tu, likadunda mbele yake, likapita katikati ya miguu. Tukafungwa bao moja, tukatoka kwenye mashindano.

Mimi nilikuwa pembeni na simu. Usiku nikakata ile sehemu, sekunde tisa. Nikairudisha polepole mara tatu, nikaweka sauti ya punda analia. Sauti ya punda sikuichagua bure. Yule jamaa anauza maji kwa mkokoteni wa punda, na mtaa mzima unajua. Nikaandika neno moja juu yake: Dalool. Kwa Kisomali ni tundu.

Hakuna kitu nimewahi kuweka ambacho kilitazamwa hivyo. Watu wa Wajir, Mandera, Eastleigh, wote walikuwa wanaitumiana. Nililala nikiamka naangalia namba. Yeye naye aliamka akakuta ana jina jipya. Na huku kwetu jina la utani si mchezo. Mtu anaweza kuitwa kilema cha babu yake mpaka wajukuu wakirithi. Watoto wakitoka duksi walikuwa wanaukimbilia mkokoteni wake wakipiga kelele, "Dalool! Dalool!" Wengine wakiiga sauti ya punda.

Akacheza mechi moja ya kirafiki baada ya hapo. Kisha akaacha kuja.

Sasa tuongee mpira, maana hapa ndipo mabishano yetu yote ya upana wa kikosi yanapoanguka. Ukikosa winga, unamsogeza mtu. Ukikosa beki wa kushoto, kuna mtu wa kulia atajaribu. Ukikosa kipa, utamweka nani? Sisi tulimchukua beki wetu bora wa kati, kwa sababu ni mrefu na haogopi mpira, tukamweka langoni. Piga hesabu. Langoni tukawa na mtu ambaye si kipa, na katikati ya ulinzi tukawa na shimo. Klipu moja, nafasi mbili. Mechi tatu za mwisho za kirafiki tulifungwa zote.

Hii si shida ya Garissa peke yake. Kanuni za Kombe la Dunia zinalazimisha kila nchi ipeleke makipa wasiopungua watatu, ingawa uwanjani anacheza mmoja. Hakuna nafasi nyingine inayohitaji mtu ajiandae kila siku kwa kazi ambayo huenda asiifanye msimu mzima. Tena winga akikosea mara tano anabadilisha upande, tunasahau. Kipa akikosea mara moja, inaandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Mimi na Onana wangu sasa. Aprili 2025, kule Lyon, alikosea mara mbili, mechi ikaisha 2-2. Sisi mashabiki tukapiga kelele atolewe. Akatolewa. Siku tatu baadaye, Newcastle, akaingia Altay Bayındır, mechi yake ya kwanza ya ligi tangu afike Septemba 2023. Tukafungwa 4-1. Tulikuwa tumepata tulichokiomba. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejiuliza yule kwenye benchi amekaa vipi muda wote huo.

Na kuna Kepa, ambaye Arsenal walimleta mwaka 2025 akae nyuma ya Raya. Mwaka 2018 Chelsea walimnunua kwa pauni milioni 71.6, kipa ghali kuliko wote duniani. Fainali ya Carabao ya 2022 akaingizwa mwishoni kwa ajili ya penalti tu, akafungwa zote 11, kisha yake mwenyewe akaipaisha juu. Kipa wa Liverpool siku hiyo alikuwa Kelleher, mtu wa benchi wa Alisson. Mwaka 2025 Arsenal walimchukua Kepa kwa pauni milioni tano. Wangetaka kumwita Dalool, wangemwita. Wao wakaona kipa anayejua kazi, aliyeonja mabaya yote, na wanamhitaji. Klabu yenye pesa inaweza kufanya hivyo. Sisi hatuna dirisha la usajili. Hatuna pauni. Mtu akiondoka kwa sababu tumemvunja moyo, hakuna soko la kwenda kununua mwingine.

Halafu angalieni Harambee Stars kwenye CHAN. Jumapili iliyopita tumeipiga Morocco 1-0, kipindi cha pili chote tukiwa watu kumi. Mechi tatu, bao moja tu tumefungwa. Langoni yuko Omondi. Nikuulize bila kugugo: mwezi Julai ulikuwa unajua jina lake? Mimi sikujua. Mahali fulani kuna watu walimweka langoni akikosea wakamrudisha tena na tena, mpaka siku ambayo nchi nzima inamtegemea.

Jana nilienda kumtafuta kipa wetu. Nilimkuta anajaza mitungi. Nilikuwa nimepanga hotuba, mnajua mimi sikosi maneno. Nikaanza, "Ndugu yangu, ile kitu ilikuwa ni utani tu..." Akaendelea kujaza. Mtungi ukajaa, akafunga, akachukua mwingine. Kisha akaniuliza, "Walaal, wewe uliweka sekunde tisa. Ile mechi ilikuwa dakika sabini. Nilidaka ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa uwanjani dakika zote sabini na sikuwa na jibu.

Nikamwambia klipu nitaifuta. Akasema, "Futa. Iko kwenye simu ya mpwa wangu." Akamgonga punda kidogo, akaenda zake. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Usiku nikafungua zile video za mechi nilizokuwa nimehifadhi, zile ambazo sikuzitumia kwa sababu hazichekeshi. Hazikuwa mechi yote, vipande vipande tu. Nikahesabu. Saba. Mara saba alizuia bao, na moja alijirusha kwenye ule mchanga mpaka akainuka na mkono unachuruzika damu. Kwenye video hiyo sauti yangu inasikika nyuma, naongea na mtu kuhusu kitu kingine kabisa. Bila yeye tungefungwa nane, na bao moja lenyewe ndilo nililompa kama jina.

Mimi najua kuitwa jina. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kuna watu hapa mjini mpaka leo wananiita "Profesa". Nacheka nao. Nikifika nyumbani sicheki. Kwa hivyo siwezi kusema sikujua. Nilijua, lakini namba zilikuwa tamu.

Klipu nimeifuta asubuhi. Najua haitoshi, iko kwenye simu zenu. Naomba uifute kwako pia, na ukimsikia mtoto anaita lile jina, mnyamazishe. Mwambie Profesa amesema.

Zile saba nataka kuziweka hapa, lakini sitaziweka mpaka yeye akubali. Uso ni wake. Mara ya kwanza sikuomba.

Kuhusu timu, nimeongea na kochi. Mazoezi ni Jumatano ijayo baada ya Alasiri. Nimenunua glavu pea mbili kwa pesa niliyopata kwa matangazo madogo madogo, na pea moja ni yake hata asipokuja. Pea ya pili ni yangu. Ndiyo, mimi niliyesema naweza kudaka kuliko Onana. Nitakuwa kipa wa akiba. Nitakaa benchi, nitapigiwa mashuti ya mazoezi kwenye mchanga, na nikifungwa la kijinga, rekodini. Mimi nimeruhusu.

Jumapili hii tarehe 17 Agosti 2025 kuna mechi mbili: Stars na Zambia kule Kasarani, halafu Man U na Arsenal saa kumi na mbili unusu jioni, ile dakika ya Maghrib kabisa. Wengi wetu tutakosa mwanzo. Tukirudi kutoka msikitini tutakuta pengine kipa mmoja ameshakosea, na baze yote iko juu ya viti. Mimi nitakuwa pale. Mkinikuta nimepanda kiti, nishusheni.

Na kama unakaa mtaa wetu na unanunua maji kwa yule jamaa, usimwambie nimekutuma. Muulize tu Jumatano ana nafasi.