Njombe si Dar, mshikaji!

Julai moja redio ilitangaza usiku: Dar mawingu kiasi na vipindi vya jua, Njombe baridi kali. Nikacheka. Alfajiri nikapanda basi Mbezi na dada na kichanga chake. Mimi fulana tu, mtoto kanga mbili.

Kasheshe ikaanza tulipoiacha Makambako. Njombe iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai majani huweza kuamka na sakitu. Mtoto akatetemeka, dada akaanza kulia. Pale stendi mama muuza viazi akavua blanketi alilojitanda, akamfunika. Hela alikataa.

Msomaji wangu, utabiri wa saa 24 sikiliza mkoa unaokwenda, siyo unaotoka!