Goti la Mama na Mvua ya Ziwa

Huku kwetu Kayenze, kando ya ziwa, ni shida kumwona mzee asiyekuwa na kiungo cha kutabiri mvua. Mmoja hutaja kiuno, mwingine bega alilovunja utotoni. Mama yangu ana goti la kulia. Likimwuma usiku, asubuhi hutuagiza: "Wanangu, anueni mihogo juu ya mawe, mvua yaja." Nasi twaanua.

Naliamini hayo tangu utoto, na kwa imani hiyo nalimkosea mama. Vuli moja goti lilivimba, nami nikamwambia, "Ni mvua tu, mama, itapita." Mvua ikapita, goti halikupona. Hata nilipomwona akitembea kwa kushika ukuta, ndipo nikampeleka kwa tabibu. Akatuambia kwamba gegedu, yaani kile kilaini kifunikacho ncha za mifupa, kimelika, na kwamba kukaa tu msimu mzima kumeudhoofisha mguu.

Basi, kwa desturi ya mwalimu, vuli iliyofuata nalishika daftari. Kila jioni naliandika mambo matatu: mvua, maumivu, na kazi aliyofanya mama. Siku nyingi za mvua goti lilimwuma, ni kweli. Lakini lilimwuma zaidi siku ya pili yake baada ya kuinama shambani. Nasi twalima lini, ila mvua inyeshapo? Siku za mvua kubwa aliposhinda ndani akichambua maharage, mara nyingi hakulalamika. Tena tukianua mihogo na mvua isije, hakuna aliyekumbuka. Ikija, kijiji kizima chasimulia.

Wataalamu nao wamelichungua neno hili. Huko Sydney, mwaka 2014, waliwauliza watu karibu 1,000 walioshikwa na mgongo, wasione kosa la mvua wala la baridi. Marekani, mwaka 2017, walihesabu safari zaidi ya milioni 11 za wazee kwenda kwa waganga: siku za mvua hazikuleta wagonjwa wa viungo zaidi ya siku kavu. Lakini wale wa Manchester, mwaka 2019, waliofuata maumivu ya watu zaidi ya 2,600 siku kwa siku, waliona kwamba unyevu, upepo na kupungua kwa uzito wa hewa huongeza maumivu kidogo: penye siku mbaya 5 katika 100, huwa 6. Basi mama hakusema uongo.

Ila huo uzito wa hewa, huku karibu na ikweta, hupanda na kushuka mara mbili kila siku, mvua iwepo isiwepo. Alasiri hushuka hata saa kumi hivi. Saa hiyo goti la mama halisemi neno.

Nilipomsomea daftari alicheka. "Mwanangu, daftari lako halijapata kushika jembe." Hata hivyo sasa hulima asubuhi tu, tena kidogo, na jioni hutembea mpaka ufukweni kama alivyoagizwa. Maji nachota mimi.

Juzi usiku goti lilimwuma tena. Asubuhi akaniita nianue mihogo. Mbingu zilikuwa nyeupe kabisa. Nikaianua.